Kasuku wa Nyumbani na Matunda Yake

Katika miji yetu, tangu Kisangani hadi Kindu na Bukavu, ziko nyumba ambamo mgeni apigapo hodi hujibiwa na sauti mbili: sauti ya mwenye nyumba na sauti ya kasuku wake. Ndege huyo wa rangi ya majivu, mwenye mkia mwekundu, amekuwa kama mmoja wa jamaa. Ajua majina ya watoto, aiga kicheko cha mama na kikohozi cha baba. Watoto nao, wanapokula tunda, humkatia kipande, maana haiwezekani wao wafurahi na rafiki yao atazame tu.

Tendo hilo latoka katika moyo mwema, wala hatulilaumu. Walakini moyo mwema pasipo maarifa hautoshi. Wako kasuku wanaokufa kwa mikono ya wale wale wawapendao, na sababu ni tunda lililotolewa bila kujua. Basi, wasomaji wetu, leo twataka kutazama pamoja nanyi matunda yafaayo kwa kasuku, matunda yasiyofaa, kipimo chake na usafi wake. Mwenye njiwa au chiriku atapata faida pia, ingawa ndege hao walao mbegu hawahitaji matunda mengi kama kasuku.

Chakula chake msituni

Tukitaka kujua lifaalo kwa kiumbe, yatupasa kwanza kumtazama pale alipozaliwa. Kasuku ni mwana wa msitu mkubwa wa nchi yetu na wa nchi jirani. Huko hula mbegu, kokwa, maua, magome na matunda ya miti mingi. Hupenda hasa ngazi, yaani matunda ya mchikichi, yale tuyakamuayo mawese. Huchubua nyama ile nyekundu kwa mdomo wake wenye nguvu, akapata mafuta na vitamini A pamoja.

Lakini tuangalie neno moja. Kasuku wa msituni huamka mapema, akaruka kilomita nyingi kwenda kutafuta chakula, na jioni akarudi kulala. Mafuta na sukari alizokula huishia katika mabawa yake. Kasuku wa nyumbani hukaa juu ya kijiti tangu asubuhi hadi usiku. Akipewa karanga na alizeti kila siku, mafuta hujikusanya mwilini na kulidhuru ini. Akipewa ndizi tupu na wali, hukosa vitu ambavyo mwili wake wavihitaji. Kwa hiyo chakula cha tumbila kizimbani hakiwezi kuwa sawasawa na chakula cha ndege arukaye. Lazima sisi tulio mlisha tuwe na akili badala ya mabawa yake.

Matunda yana kazi kubwa katika jambo hilo. Kasuku alishwaye mbegu kavu peke yake hupungukiwa na vitamini A. Dalili zake ni pua kuziba, madoa meupe kinywani, na kuugua mara kwa mara. Papai na embe lililoiva huleta dawa ya upungufu huo, kwa kuwa rangi yao ya manjano iliyokoza ndiyo alama ya kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A.

Kipimo ni mwili wake, si mwili wetu

Wahenga walisema: Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kasuku mzima ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi. Mtu mzima mwenye kilo 60 amzidi zaidi ya mara mia. Tufanye hesabu ndogo, kama tufanyavyo darasani. Mtoto akimpa kasuku wa gramu 500 kipande cha embe chenye gramu 50, amempa sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ni kama mtu wa kilo 60 alazimishwe kula kilo sita za embe kwa kikao kimoja! Nani kwetu angeweza?

Basi kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba chatosha, mara moja kwa siku, na kama ni matunda ya namna mbili, vipande viwili vidogo. Tunda ni kitoweo, si ugali. Katika chakula cha siku nzima, matunda yawe kama sehemu moja ya kumi. Mboga zipate nafasi kubwa kuliko matunda: karoti, boga, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vilivyochemshwa bila chumvi, matembele na lengalenga kidogo. Sehemu iliyobaki iwe nafaka na mbegu za namna mbalimbali, pamoja na maharagwe yaliyopikwa hadi kulainika. Maharagwe mabichi asipewe kamwe.

Kuna sababu nyingine ya kupima. Kasuku wetu wa rangi ya majivu wajulikana kwa waganga wa wanyama kuwa hupungukiwa upesi na kalsiamu, ile chokaa ijengayo mifupa. Akipungukiwa sana hutetemeka, huanguka kutoka kijitini, hata hushikwa na kifafa. Matunda mengi yana kalsiamu chache. Akijaza tumbo kwa matunda, hana nafasi ya chakula kingine. Ganda la yai lililochemshwa vizuri, likakaushwa na kusagwa, laweza kunyunyiziwa kidogo juu ya mboga zake. Tena apate jua la asubuhi, akiwa na mahali pa kivuli pa kujikinga, maana pasipo jua mwili hautumii kalsiamu ipasavyo.

Matunda yafaayo

Kwa bahati njema, soko letu lina matunda mengi mema. Papai ni la kwanza. Hata mbegu zake hazimdhuru kasuku. Embe ni jema pia, lakini limenywe ganda, maana ganda hilo lina utomvu uwashao. Mapera ni mazuri, pamoja na mbegu zake ndogo. Marakuja yampendeza sana: mkatieni nusu, naye atashinda akichokoa mbegu moja moja, na kazi hiyo humwondolea uchovu wa kukaa bure. Nanasi na chungwa apewe kwa uchache kwa sababu ya ukali wake. Ndizi mbivu yafaa, lakini ina sukari nyingi na vitamini A chache, basi isiwe chakula cha kila siku. Ngazi moja au mbili mara chache kwa juma zitamkumbusha msitu wake.

Tunda jipya litolewe peke yake kwa siku mbili tatu, ili kama likimdhuru tujue ni lipi. Msishangae akilikimbia. Kasuku ni ndege mwenye kuogopa mambo mageni. Pengine hulitazama tunda juma zima kabla ya kulionja. Kaeni karibu naye, mle tunda hilo hilo mbele yake kwa kuonyesha utamu wake, naye kwa desturi yake ya kuiga atajaribu. Wala msimshindishe njaa ili kumlazimisha, maana ndege mdogo hana akiba kubwa mwilini.

Avoka: chakula chetu, sumu yake

Sasa twafika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Katika nchi za milima ya Kivu avoka, ambazo ndugu zetu wa mashariki huziita maparachichi, ni nyingi na bei yake si kubwa. Sokoni Kadutu, mjini Bukavu, mama hununua chungu nzima. Kwa mtu ni chakula chema sana. Watoto huzila kwa mkate asubuhi, na hapo ndipo kasuku, mwenye kuomba kwa sauti tamu, hupata sehemu yake.

Enyi wazazi, avoka ni sumu kwa ndege. Mti huo una sumu iitwayo persini, nayo imo katika majani, ganda, kokwa na nyama ya tunda. Kwa ndege hushambulia moyo na mapafu. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989, ndege wadogo wa kizimbani walipewa avoka iliyopondwa, na baadhi yao walikufa kabla ya siku mbili kwisha. Ndege aliyekula hunyong'onyea, huvimbisha manyoya, hupumua kwa shida huku mkia ukipanda na kushuka, kisha huanguka chini ya kizimba. Haijulikani dawa iwezayo kuivunja sumu hiyo; mganga wa wanyama aweza kumsaidia kupumua tu, na mara nyingi huchelewa kufika.

Pengine msomaji mmoja atajibu: "Kasuku wetu alikula avoka mwaka jana, naye yu mzima hata leo." Twamwamini. Lakini avoka si za aina moja. Nguvu ya sumu hutofautiana kati ya mti na mti, na ndege hawalingani kwa uvumilivu. Aliyevuka mto wenye mamba mara moja hakuthibitisha kwamba mto hauna mamba. Kwa kuwa hakuna ajuaye kipande kipi kitaua, sheria ya nyumbani iwe moja na iwe rahisi hata kwa mtoto wa miaka minne: avoka haimkaribii ndege. Kisu kilichokata avoka kioshwe kabla ya kukata papai la kasuku, na vidole vya mtoto vilevile. Tena tusikate tawi la mwavoka kumfanyia kijiti cha kusimamia, maana atalitafuna.

Mbegu na vitu vingine vya kuepuka

Yako matunda ambayo nyama yake ni njema na mbegu yake ni mbaya. Mbegu za tufaha, na kokwa za pichi na plamu, zina kitu ambacho kikitafunwa hutoa sumu ya namna ile ile iliyomo katika muhogo mchungu. Mtu humeza mbegu ya tufaha nzima bila kudhurika. Kasuku hamezi, huipasua kwa mdomo, na hivyo huifungua sumu. Basi ziondoeni mbegu hizo kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo asipewe muhogo mbichi wala majani yake mabichi. Mama zetu hutwanga sombe na kuichemsha muda mrefu kwa maana. Kasuku hajui kutwanga.

Asipewe pia kahawa, chokoleti, pombe, vitunguu, wala chochote chenye chumvi nyingi. Matunda ya mkebe yaliyolowekwa katika maji ya sukari hayamfai, wala vinywaji vitamu vya chupa. Wako watu wafanyao mchezo wa kumnywesha kasuku pombe ya ndizi ili wacheke akiyumba. Mchezo huo ni ukatili. Ini la ndege mwenye gramu 450 halistahimili hata tone tutoazo kwa dhihaka.

Usafi wa tunda na wa mkono

Tunda liletwalo kutoka sokoni limepita katika mikono mingi, limelala chini, limenyunyiziwa maji yasiyojulikana, pengine na dawa ya kuua wadudu shambani. Lioshwe kwa maji safi, yale yale ambayo tungempa mtoto mchanga kunywa, na ganda limenywe. Tusimpe kasuku sehemu iliyooza kwa kusema, "Huyu ni ndege tu." Tunda lililooza huzaa pombe na ukungu, na ukungu huingia katika mapafu ya ndege na kumletea ugonjwa usioponyeka kwa urahisi. Karanga zenye ukungu ni mbaya kupita zote, kwa kuwa sumu yake huharibu ini, la ndege na la mtu pia.

Katika joto letu, tunda lililokatwa huharibika upesi. Wekeni matunda katika chombo chake peke yake, mbali na mbegu, kwa sababu mbegu zikilowa hufanya ukungu. Mpeni asubuhi akiwa na njaa, mwache ale kwa muda wa saa mbili tu, kisha ondoeni mabaki, mwoshe chombo na kukikausha. Kazi hiyo yamfaa mtoto mkubwa wa nyumba. Ni ndogo, lakini hufundisha uaminifu.

Neno jingine la usafi lahusu watu wenyewe. Wako wapendao kumlisha kasuku tunda kutoka midomoni mwao. Desturi hiyo iachwe. Mate yetu yana vijidudu vinavyomdhuru ndege. Yeye naye aweza kutupa ugonjwa uitwao psitakosi, uletao homa, kichwa kuuma na kikohozi cha mapafu. Mwaka 1929 na 1930 ugonjwa huo ulienea katika nchi za Ulaya na Marekani kwa njia ya kasuku waliouzwa kutoka Amerika ya Kusini, na watu wengi walikufa. Siku hizi dawa zake zipo, mradi mganga aujue mapema. Kwa hiyo mnawe mikono kwa sabuni baada ya kumhudumia ndege, na mtu akipata homa yenye kikohozi, amwambie mganga kwamba nyumbani kuna kasuku.

Jinsi ya kumtambua mgonjwa

Ndege huficha ugonjwa wake, maana msituni mnyonge huonwa kwanza na mwewe. Akionyesha dalili, ujue ameugua kwa siku kadhaa. Tazameni basi mambo madogo: je, ameacha kuongea? Je, amevimbisha manyoya mchana kutwa? Je, hushuka chini ya kizimba na kukaa huko? Mwenye mizani ndogo ya jikoni ampime kila juma na kuandika uzito katika daftari. Gramu zikipungua juma hadi juma, ni ishara ya kutafuta msaada, hata kama bado aonekana mchangamfu.

Lakini msitishwe na kila kitu. Akila papai au chungwa, kinyesi chake hulegea na kuwa na maji mengi. Hiyo ni kawaida, kwa sababu matunda yana maji. Ikiwa kinabaki hivyo siku ya pili pasipo tunda lolote, hapo ndipo pa kuhangaika.

Kwa nini jambo hili si dogo

Huenda baadhi ya wasomaji wakasema: "Tuna shida nyingi, nanyi mwaandika juu ya kasuku na mapapai!" Twawajibu hivi. Kasuku akitunzwa vizuri aweza kuishi miaka 40 na zaidi; aweza kumwona mtoto wa nyumba akikua, akioa na kuzaa. Akifa mwaka wa kwanza kwa avoka, jamaa husikitika siku tatu, kisha baba huenda kununua mwingine. Huyo mwingine atoka wapi? Atoka msituni, kwa ulimbo na nyavu, na wenzake wengi hufa njiani kabla ya kufika mjini. Kila kasuku afaye kwa ujinga wetu humwita mwingine atolewe kiotani.

Nao hawazaani kama kuku. Jike hutaga mayai matatu hadi matano katika tundu la mti mrefu, na si kila mwaka. Nchini Ghana, wachunguzi walitangaza mwaka 2016 kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kasuku hao wamepungua kwa sehemu 90 hadi 99 katika kila mia. Mwaka huo huo wa 2016, mataifa yaliyokutana Johannesburg yaliamua kumweka kasuku wetu katika orodha ya wanyama wasioruhusiwa katika biashara ya nchi kwa nchi, na amri hiyo ilianza tarehe 2 Januari 2017. Kule Lwiro, karibu na hifadhi ya Kahuzi-Biega, kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe waliookolewa kimepokea kasuku pia, walionyang'anywa mikononi mwa wafanyabiashara. Kumlisha ndege hadi manyoya yaliyokatwa yaote tena ni kazi ndefu.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Asiye na kasuku asinunue wa msituni. Aliye naye tangu zamani amtunze huyo huyo hata mwisho wake, wala asimweke mwingine mahali pake. Na leo jioni, kabla ya kulala, baba na mama wawakusanye watoto, wawaeleze kwa upole kipande kiwe cha ukubwa gani, kwa nini papai ndiyo na avoka siyo, na nani ataosha chombo kesho asubuhi. Mtoto aliyezoea kujiuliza, "Je, nimpacho kitamfaa, au chanipendeza mimi tu?" amejifunza somo ambalo litawafaa ndugu zake, na siku moja watoto wake mwenyewe.